Kugeuza Jicho Pofu: Maana Yake Nini?

Mtu ajifunzaye Kiingereza huweza kujua kila neno katika sentensi, na hata hivyo asiipate maana ya sentensi yenyewe. Mfano mmoja ni msemo “to turn a blind eye”, yaani kugeuza jicho pofu. Upofu haukusudiwi hata kidogo. Maana yake ni kuona jambo, kisha kujifanya hukuliona. Waswahili husema kujitia hamnazo, au kufumba macho.

Msemo huu huhusishwa sana na Nelson, mkuu wa manowari za Uingereza, ambaye jicho lake la kulia liliharibika vitani huko Calvi, katika kisiwa cha Corsica, mwaka 1794. Tarehe 2 Aprili, 1801, alikuwa akipigana na Wadenmark mbele ya mji wa Copenhagen, na mkubwa wake, Hyde Parker, akapandisha bendera za kuamuru vita viachwe. Yasimuliwa kwamba Nelson aliweka darubini kwenye jicho bovu, akasema haoni ishara yo yote, akaendelea kupigana hata akashinda. Baadhi ya wanahistoria hawakisadiki kisa cha darubini, lakini msemo umeenea.

Nelson alisifiwa kwa kuwa alishinda. Bali siku hizi msemo huu hutumiwa zaidi kwa kulaumu. Hausemwi juu ya mtu asiyejua, bali hasa juu ya yule ambaye kuangalia ni wajibu wake. Tuseme karani wa ghala anapima mahindi kwa mizani mbovu, na mkulima anapunjwa kilo mbili katika kila gunia. Msimamizi asipojua, huo ni uzembe. Akijua, akanyamaza kwa kuwa karani ni shemeji yake, ndipo asemwapo kwamba amegeuza jicho pofu.

Basi mwenye duka aletewaye barua ya Kiingereza isemayo kwamba halmashauri haitageuza jicho pofu juu ya taka zilizo mbele ya duka lake, asidhani kuwa hizo ni habari za ugonjwa wa macho, akaiweka barua kando. Anaonywa kwamba jambo limeonekana, wala halitaachwa. Heri azizoe taka kabla samansi haijafika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye aliyeuona ufa akafumba macho, ukuta uangukapo hawezi kusema hakujua.