Kitenzi "get": kwa nini "kupata" peke yake haitoshi

Chukua sentensi hizi mbili za Kiingereza: "I got to meet the professor" na "I've got to meet the professor". Kwa macho ni kama mapacha. Lakini ya kwanza inasema nilibahatika kukutana na profesa, na ya pili inasema ni lazima nikutane naye, yaani bado. Ukizichanganya kwenye baruapepe ya chuo, unaweza kukosa miadi huku ukidhani mambo yameshaisha. Tofauti yote imebebwa na kile kisauti "'ve", ambacho kwenye mazungumzo ya haraka mara nyingi kinamezwa.

Sasa kitenzi cha herufi tatu kilibebaje mzigo wote huu?

Tuanze na asili. "Get" kililetwa na Waskandinavia, wale tunaowaita Waviking, ambao walihamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwao "geta" ilikuwa kupata. Wenyeji walikuwa na neno la ukoo huohuo, "gietan", ila walilitumia karibu kila mara likiwa na kiambishi awali, mfano "forgietan", yaani kusahau.

Wanaisimu wamejuaje kwamba "get" ya leo imetoka kwa wageni? Ni ile sauti ya kwanza. Katika Kiingereza cha kale, g ikifuatwa na irabu kama e au i kwa kawaida ilitamkwa y. Ndiyo maana Mjerumani anasema "gestern" na "gelb", na Mwingereza anasema "yesterday" na "yellow". Kwa utaratibu huo, neno la wenyeji lingeanza na y. "Get" ina g ngumu kama ya "gari", na hiyo ndiyo alama ya Waviking. "They", "egg", "sky" na "take" nayo yalipita njia hiyohiyo.

Hebu turudi kwa "forget" kidogo. Kiambishi "for-" hapo kilibeba wazo la kupoteza, kwa hiyo kusahau ni kuachia ulichokuwa umekishika. Na sisi husema jambo "limenitoka kichwani". Wazo ni lilelile.

Maana za "get" zinaonekana nyingi, lakini zimefuatana kwa hatua. Kwanza unapata kitu: "get a letter". Kisha unapata mahali, yaani unafika: "get home". Kisha unapata hali, yaani unakuwa: "get tired", kuchoka. Mwisho unapata kutendewa jambo: "get fired", kufukuzwa kazi. Na "I've got", ambayo mwanzo ilikuwa "nimeshapata", ikawa "ninacho", kwa sababu ukishapata kitu unacho. Ikiwekewa "to" mbele yake, ikawa wajibu. Wanaisimu huita safari hii usarufishaji: neno linapoteza uzito wa maana yake ya awali na kugeuka kifaa cha sarufi.

Usidhani hili ni la Kiingereza tu. Tunaposema "sijapata kuona jambo kama hili", hakuna kitu kilichopokelewa hapo. "Kupata" imegeuka kitenzi kisaidizi. Hata Kichina kina herufi moja, 得, ambayo ikisomwa kwa namna moja ni kupata, na kwa namna nyingine ni lazima.

Kwa hiyo ukikutana na "get", tazama kinachofuata. Ikifuata nomino, mara nyingi ni kupata, kupokea au kutafuta. Ikifuata mahali, ni kufika. Ikifuata kivumishi, ni kuwa. Ikifuata kitenzi kama "fired" au "paid", mtu ametendewa. Ikifuata "to" na kitenzi, rudi nyuma uangalie kama kuna "have" au "'ve". Maneno mafupi kama "over" na "off" ndiyo yenye ujanja: "get over" ni kupona au kusahau machungu, "get off" ni kushuka garini. Hayo jifunze mazimamazima.

Hili halihusu mitihani peke yake. Fikiria karatasi ya maelezo ya dawa iliyoandikwa "If you get worse, get help". Ukitafsiri zote mbili kwa "kupata", sentensi inavurugika. Ya kwanza ni hali ikizidi kuwa mbaya, ya pili ni tafuta msaada. Anayemsomea mgonjwa nyumbani anahitaji kuiona tofauti hiyo papo hapo.