Kwale kabla ya moshi

Bweremana, mashariki mwa Kongo, imekaa kati ya Ziwa Kivu na vilima vya Masisi, na kitoweo kinachotajwa kwanza hapo ni sambaza, dagaa wa ziwani. Ndege wa porini huja kwa nadra. Vilima vingi vimekuwa malisho na mashamba. Aliyebaki ni kwale, anayenaswa kwa kitanzi pembeni ya shamba la maharagwe. Kanga wa msituni yuko mbali, Walikale, kwa Wanyanga, na akifika huku anafika amekwisha kukaushwa.

Mtego unaokaguliwa alfajiri hutoa ndege anayepigapiga mabawa. Uliosahauliwa siku mbili hutoa kitu kingine. Mpishi mzoefu hapotezi muda kumhoji mtegaji: hutazama macho ya ndege, hunusa chini ya bawa. Kwa Waislamu hapo hapana mjadala, aliyefia kitanzini ni mzoga.

Maji ya kunyonyolea yawe moto bila kuchemka, la sivyo ngozi huchanika pamoja na manyoya. Gole hutolewa mapema, kisha chale ndogo karibu na mkia, na vidole vinavyokwepa nyongo. Utumbo ukipasuka, nyama iliyochafuka ikatwe. Kuisuuza kunatawanya uchafu. Firigisi hupasuliwa na kuambuliwa utando wake wa njano. Katika nyumba nyingi za Maziwa Makuu bado ni ya baba, ingawa aliyeshika kisu ana maoni yake.

Ugomvi wangu ni na moshi. Unahifadhi kwa kukausha, basi. Ndege aliyeanza kuoza, moshi humfichia harufu tu. Sokoni, kunja paja la kanga: kiungo kikiwa na unyevu ndani, kimekauka nje peke yake.

Ndege aliyeokotwa amekufa ufukweni asiingie jikoni kabisa. Januari 2017 mafua ya ndege yaliua ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, Uganda, na mwaka huohuo virusi vya H5N8 vilithibitishwa Ituri, huku Kongo, kwa bata na kuku. Joto la nyuzi 70 hadi ndani ya nyama huviua, lakini mnyonyoaji huvigusa kabla ya moto.

Ndiyo maana manyoya na matumbo hufukiwa, na mikono huoshwa kwa sabuni au jivu. Yakitupwa jalalani, kuku wa nyumbani watayachakura, na kuku hao ndio karo ya watoto.