Jicho Vivu la Mtoto, na Kazi ya Watu wa Nyumbani

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya kasoro moja ya macho iwapatayo watoto wadogo. Kasoro hii haiumi, haitoi machozi wala usaha, wala haimzuii mtoto kucheza na wenzake. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hawaitambui. Mtoto naye hawezi kuisema, kwa maana hajui ya kuwa wengine waona zaidi kuliko yeye. Kasoro hiyo huitwa jicho vivu. Tumeiona katika nyumba moja ya Sokon I, hapa Arusha, nasi tutawasimulia yaliyotokea huko, ila majina ya wenyewe tumeyaacha.

Katika nyumba hiyo mna baba na mama, na koko, ndivyo Waarusha wamwitavyo bibi. Tena yumo kijana wa miaka 19 ajifunzaye kazi ya kuchomelea vyuma, na binti mdogo aliyekuwa na miaka 5 mambo haya yalipoanza. Binti huyu ni mwepesi na mchangamfu. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuketi karibu na koko wake na kuchambua maharage katika ungo, akitoa mawe na punje mbovu. Hakuna hata mmoja aliyedhani ya kuwa ana kasoro machoni.

Siku moja mwalimu wake wa darasa la awali alifanya mchezo na watoto. Kila mtoto alifunika jicho moja kwa kiganja, akataja picha zilizochorwa ubaoni, kisha akafunika jicho la pili akazitaja tena. Binti huyu alipofunika jicho la kushoto alitaja zote vema. Alipofunika la kulia alinyamaza, kisha akauondoa mkono. Mwalimu akamwambia afunike tena, naye akachungulia katikati ya vidole. Wenzake wakapiga kelele, "Mwalimu, huyu anatuibia!" Lakini mwalimu aliona ya kuwa haibi, ila hapendi kufunikwa jicho lile. Jioni akaenda nyumbani kwao.

Mama akampokea, "Shikamoo, Mwalimu." Akajibu, "Marahaba, mama," naye akamwamkia koko. Alipokwisha kueleza neno lililomleta, mama akasema, "Mwalimu, mtoto wangu ni mzima. Hata jiwe dogo katika maharage haliachi."

Mwalimu akajibu, "Ni kweli, mama, aona. Lakini nadhani aona kwa jicho moja. Naomba ungo tujaribu."

Wakamfunga leso juu ya jicho la kulia, wakampa ungo wake. Mtoto akainama mpaka uso ukakaribia kugusa maharage, akapapasa kwa vidole, akatoa maharage mazima na kuyaacha mawe. Mama akatazama, asiseme neno.

Basi, jicho vivu ni nini? Jina lenyewe laweza kutudanganya, kwa maana mtoto si mvivu, na mara nyingi jicho ukilitazama ni zima kabisa. Mtoto mchanga hajui kuona barabara. Ubongo wake hujifunza kuona kidogo kidogo, kama vile ajifunzavyo kusema. Kila jicho hupeleka picha yake, na ubongo huziunganisha ziwe moja. Lakini ikiwa jicho moja lapeleka picha yenye ukungu, au limeelekea upande wake peke yake, ubongo huishika picha iliyo safi na kuiacha ile nyingine. Mafunzo haya hufanyika hasa katika miaka 7 au 8 ya kwanza. Wakati huo ukipita, hata miwani iliyo njema haiwezi kurudisha yote yaliyopotea, kwa sababu ubongo haukufundishwa kulitumia jicho lile.

Wataalamu wawili waliofanya kazi Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel, walilionyesha jambo hili katika miaka ya 1960. Walimfunga paka mchanga jicho moja kwa muda, kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umeacha kulisikiliza. Paka mkubwa alipofanyiwa vivyo hivyo hakudhurika hivyo. Mwaka 1981 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wao wa namna ubongo unavyoona.

Sababu za jicho vivu ni tatu. Ya kwanza ni makengeza, nayo mara nyingi huonekana kwa nje. Ya pili ni kutolingana kwa macho, yaani jicho moja lahitaji miwani kuliko la pili. Hii haina alama yo yote ya nje, nayo ndiyo iliyokuwa ya binti wetu wa Sokon I. Ya tatu ni kitu kizuiacho nuru isiingie, kama mtoto wa jicho, au ukope wa juu uliolegea ukafunika mboni. Hii ya tatu ndiyo iletayo hasara upesi kuliko zote, na mtoto mchanga hapaswi kungojeshwa. Lakini wachunguzi walioandika mwaka 2005 habari za watoto wa Tanzania wenye mtoto wa jicho waliona ya kuwa wengi walifikishwa hospitali wamechelewa sana.

Turudi sasa kwa binti yetu. Baba alimpeleka kwanza hospitali ya mkoa, kisha wakasafiri mpaka Moshi, mwendo wa kilometa 80 hivi, kwenye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Huko alitiwa dawa ya kupanua mboni, na macho yote mawili yakapimwa. Akapewa miwani, akaambiwa aivae tangu kuamka hata kulala. Daktari akawaeleza ya kuwa kwa watoto wengine miwani peke yake yatosha, kwa hiyo wangojee majuma kadhaa waone. Waliporudi, jicho la kushoto lilikuwa limepata nafuu kidogo tu. Ndipo alipoagiza kiraka: jicho la kulia, lile zima, lifunikwe saa mbili kila siku, ili lile jingine lipate kufanya kazi.

Hapo ndipo ilipoanza taabu. Siku ya kwanza mtoto alijikwaa kizingitini akaanguka, akalia sana. Siku ya pili watoto wa jirani walimcheka. Majirani nao wakasema, "Mwafunika jicho zima na kuliacha bovu? Hii ni akili gani?" Mmoja akanong'ona ya kuwa ni laana ya ukoo. Wasomaji, wajibuni watu wa namna hii kwa upole. Si laana, bali ni kasoro ambayo sababu yake yajulikana. Wala dawa hii si mzaha wa siku hizi, kwa maana Mfaransa aitwaye Buffon aliandika mwaka 1743 ya kuwa jicho lenye nguvu lifunikwe ili lile dhaifu lipate nguvu, na mpaka leo waganga wa macho wafanya hivyo.

Lakini taabu iliyo kubwa ilitoka ndani ya nyumba. Koko alimwonea mjukuu wake huruma. Mama alipokwenda sokoni, koko alimwita mtoto jikoni, akakibandua kiraka polepole, akamwambia acheze. Mama aliporudi alikibandika tena, bila kujua. Ikawa hivyo karibu kila siku.

Baada ya majuma sita walirudi Moshi, na koko akafuatana nao. Daktari alipima akaona faida ni ndogo mno. Akauliza, "Mama, kiraka hukaa saa ngapi kwa siku?" Mama akajibu, "Saa mbili, Daktari, kama ulivyoagiza." Koko akainuka akasema, "Daktari, mama yake hasemi uongo. Mimi ndimi niliyekuwa nikikiondoa. Sikuweza kustahimili kilio chake."

Daktari hakumkemea. Alimwomba koko asimame karibu naye, akalifunika jicho zima la mtoto, akamwuliza habari za picha zilizo ukutani. Mtoto aliitaja ya juu, iliyo kubwa kuliko zote. Zilizofuata alikisia tu, akakosa. Daktari akasema, "Koko, hivi ndivyo atakavyoona siku zote kwa jicho hili tukiacha sasa. Akilia leo, kilio kitakwisha. Miaka hii ikipita, hairudi."

Tangu siku ile saa mbili zile zikawa mikononi mwa koko. Kila siku mtoto akiisha kunywa uji wa mchana, koko mwenyewe alikibandika kiraka ngozini, kisha miwani juu yake, akaleta ungo. Mwanzo alimchanganyia mawe makubwa, na mtoto aliyaona kwa shida. Kisha akapunguza ukubwa, juma kwa juma. Alimsimulia hadithi za zamani wakichambua, na mtoto akasahau kulia. Ilipotimia miezi sita, binti aliweza kutoa kwa jicho la kushoto mawe madogo kama punje za mtama. Daktari alipima akasema ya kuwa jicho halijalingana na mwenzake, lakini limepanda sana, na kazi iendelee.

Katika safari zile daktari aliuliza habari za ndugu wa mtoto, kwa maana kasoro hii huonekana mara nyingi zaidi katika watu wa ukoo mmoja. Kaka yake akaja kupimwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa vilevile, tena dhaifu zaidi, wala hakujua maisha yake yote. Kwa umri wake matumaini ya kuliinua yalikuwa machache. Daktari akamwambia, "Kijana, kazi yako ni ya cheche na vipande vya chuma, nawe huna jicho la akiba. Usishike kazi hata siku moja bila miwani ya kukinga." Kijana akamgeukia baba yake, akauliza, "Baba, mbona mimi hamkunifunika?" Baba akajibu, "Mwanangu, hatukujua."

Wasomaji, ni kwa ajili ya neno hilo tunawaandikia, ili ninyi mjue mapema. Basi yashikeni haya:

Kwanza, macho ya mtoto mchanga huweza kutangatanga katika miezi ya kwanza. Lakini makengeza yakiwapo bado baada ya mwezi wa nne, au yakitokea baadaye, apelekwe kwa mganga wa macho. Msiamini wasemao ya kuwa yataondoka yenyewe atakapokua.

Pili, mkiona weupe katikati ya mboni, hata mara moja, au katika picha iliyopigwa kwa simu, msilale juu ya jambo hilo. Huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ni saratani ya jicho, ambayo huua mtoto isipotibiwa.

Tatu, mtoto apelekwapo kliniki kuchanjwa surua, katika mwezi wa 9 na wa 18, mwombeni mwuguzi ayatazame macho pia. Akifikia miaka 3 au 4, fanyeni nyumbani mchezo wa kufunika jicho moja moja. Akikataa daima kufunikwa jicho lile lile, hiyo ni ishara.

Nne, msitie machoni dawa za majani, wala maziwa, wala kitu cho chote mlichoshauriwa na jirani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1994 kutoka Tanzania ulionyesha ya kuwa kama robo ya wagonjwa wenye vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Tena hakuna dawa ya namna hiyo iwezayo kuufundisha ubongo kuona.

Tano, saa za kiraka ziwe zile zilizoagizwa, zisipungue wala zisizidi, kwa maana kulifunika jicho zima kupita kiasi kwaweza kulidhoofisha nalo. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha ya kuwa kwa watoto wenye udhaifu wa wastani saa 2 kwa siku zilifaa sawa na saa 6. Walio dhaifu zaidi huenda wakaagizwa saa nyingi. Watoto wengine hutiwa matone ya atropini katika jicho zima badala ya kiraka, lakini hayo ni kwa amri ya daktari tu. Siku za kurudi kupimwa zisipite.

Nanyi walimu, kumbukeni ya kuwa katika hesabu ya dunia nzima kasoro hii humpata kama mtoto 1, au zaidi kidogo, katika kila 100. Mwenye darasa kubwa huenda anaye mmoja mbele yake sasa. Mchezo ule wa kiganja na picha za ubaoni haugharimu kitu, tena hauchukui hata nusu saa. Naye mtoto ajaye na kiraka, waelezeni wenzake sababu yake siku ile ile ya kwanza, kabla hawajaanza kumcheka.

Na katika kila nyumba yenye mtoto wa kiraka, wote wapatane: baba, mama, bibi na ndugu. Mmoja akibandika na mwingine akibandua, safari ya Moshi ni ya bure. Koko wa Sokon I alituambia, "Nilidhani namhurumia. Sasa nampa saa zangu mbili kila siku, na hiyo ndiyo huruma." Nasi hatuna neno la kuongeza.