Je, Wajua? Kinachoiua Saratani Si Dawa Kali Peke Yake
Wengi hudhani kwamba katika upandikizaji wa seli shina za damu, dawa kali na mionzi ndivyo vinavyoiua saratani, na seli za mchangiaji huja tu kujaza uboho uliobaki mtupu. Ushahidi unasema vingine: wagonjwa wa lukemia waliopewa uboho wa pacha wao wa kufanana, ambaye kinga yake haioni chochote kigeni, walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliochangiwa na ndugu wa kawaida; yaani kinga ngeni ya mchangiaji nayo huiua saratani. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari Rainer Storb na wenzake wa Seattle, Marekani, walithubutu kupunguza mionzi hadi kiasi cha kuuzuia tu mwili usizikatae seli ngeni. Kazi iliyobaki wakaiachia kinga ya mchangiaji.

Mpinzani atataja jaribio la Marekani lililochapishwa 2017: ndani ya miezi 18, ugonjwa uliwarudia takriban 48% ya waliopewa dozi nafuu ya matibabu kabla ya upandikizaji, dhidi ya 14% ya waliopewa dozi kali. Hoja nzito hiyo, na mgonjwa kijana mwenye nguvu aizingatie. Lakini jaribio liliwachukua tu watu wa hadi miaka 65 walioweza kuhimili dozi zote mbili. Mzee wa miaka 70 mwenye moyo dhaifu hachagui kati ya hizo. Kwake ni dozi nafuu au kukosa upandikizaji kabisa, ingawa hata hiyo haimwepushi na hatari ya kinga ngeni kumshambulia ngozi, ini na utumbo.