Anayekijua Kichocho na Bado Akaogelea

Wakazi wa Kiseke, kama walivyo wengi wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, hawahitaji kuambiwa kichocho cha tumbo ni nini, kwani watoto hufundishwa shuleni kwamba vimelea vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya aliye majini kwa dakika chache tu. Elimu hiyo, hata hivyo, haijawatoa watu ziwani, na sababu zake zimewagawa wanasaikolojia.

B. F. Skinner, Mmarekani, alishikilia kwamba tabia huongozwa na matokeo yake, hasa yanayofuata papo hapo. Kwa kipimo hicho ziwa hushinda, maana ubaridi wa maji kwenye jua la mchana hupatikana mara moja na ndoo hujaa bila foleni wala bili, ilhali mayai ya minyoo huanza kutoka katika kinyesi baada ya wiki kadhaa na ini huharibika baada ya miaka. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hupata hasara kwa kanuni ileile: ni chungu, na huweza kusokota tumbo na kutapisha siku hiyohiyo. John Garcia alionyesha mwaka 1955 kwamba panya aliyeugua baada ya kunywa maji matamu huyakwepa baadaye. Mtoto aliyetapika vidonge hatofautiani naye sana.

Upande wa utambuzi, yaani namna akili inavyopokea habari za macho na hisi nyingine, Hermann von Helmholtz wa Ujerumani aliuita ukisiaji usio na fahamu: maji yakiwa maangavu, akili huyahesabu kuwa salama. James Gibson, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alikataa kwamba jicho hukisia, akidai kwamba huona moja kwa moja kile ambacho mazingira yanakiwezesha, hivyo jiwe bapa ukingoni mwa ziwa, na Mwanza ina mawe tele, huonekana tangu mwanzo kuwa pa kufulia.

Mabango ya afya hufuata nadharia ya nne, iliyozaliwa Marekani miaka ya 1950, inayosema kwamba mtu hujikinga akiamini kuwa hatari ni kubwa na inamhusu. Kwa kichocho, hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu imani ipo na bomba la karibu halipo. Kwa kuwa matokeo ya papo hapo ndiyo yenye nguvu, mzazi ambaye mtoto wake atagawiwa prazikwanteli shuleni ampe uji wa kutosha asubuhi hiyo, kwani chakula hupunguza kichefuchefu.