Mbao za depo: nguvu yake inajulikana namna gani?

Magunia 100 ya mahindi, kila moja kilo 100, ni tani 10. Kooperative ikiyaweka juu ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa, ili unyevu usifike, basi zile madriye za chini ndizo zinabeba mavuno ya wanamemba wote. Sokoni muuzaji atawaambia: «Huu ni mti mgumu, haina shida.» Lakini jina la mti peke yake halitoshi. Hata mbao mbili zilizopasuliwa kwenye mti mmoja hazilingani nguvu.

Wanaotunga kanuni za ujenzi wanafanya hivi: wanachukua mbao nyingi za aina na daraja moja, wanazivunja kwa mashine, wanaandika kila moja imevunjika kwa nguvu gani. Hawashiki ile ya katikati. Wanashika kiasi ambacho mbao 95 katika 100 zinakipita. Kwa kanuni za Ulaya, daraja C24 ni la miti kama msindano, na hiyo 24 ni niutoni kwa kila milimita ya mraba, ubao ukipindwa. Miti ya majani mapana, kama mkaratusi, inahesabiwa kwa madaraja ya D.

Na inzinyeri hatumii 24 yote. Mbao inachoka: inayovumilia upepo wa dakika chache inaweza kushindwa na uzito uleule ukikaa miezi. Kwa stoki ya kulala zaidi ya miezi sita, anazidisha kwa 0,7, kisha anagawanya kwa 1,3 kwa ajili ya usalama. Inabaki karibu 13. Hiyo ni kwa mbao kavu chini ya bati. Ikinyeshewa, inashuka tena.

Kwenye masoko yetu mbao nyingi haziko na muhuri wowote, kwa hiyo mtachagua kwa macho. Macho hayatoi namba, lakini yanatosha kukataa. Kifundo kikubwa kwenye ukingo wa chini, katikati ya urefu, ni kibaya kuliko kilekile karibu na nguzo, maana katikati ndipo ubao unavutwa zaidi. Kisha fuateni nyuzi. Zikienda upande sentimita 1 katika kila sentimita 10 za urefu, nguvu inapungua karibu moja ya tano. Zikienda 1 katika 5, karibu nusu imekwisha. Kasoro hii inadanganya hata mafundi, sababu ubao unaonekana safi kabisa. Angalieni nyufa ndogo za ukavu: zinafuata nyuzi. Iliyooza au kuliwa na wadudu haina mjadala.

Tena, simamisheni madriye. Ya sentimita 5 kwa 15 ikisimama inabeba mara tatu ya ikilala, na haiongezi hata franka moja kwenye bei.

Mkiwa na inzinyeri, mwulizeni ametumia daraja gani na kipimo gani, na mwandike vyote kwenye karatasi ya ununuzi, pamoja na haki ya kurudisha mbao zenye kasoro kabla ya kulipa. Zile dhaifu mlizokwisha kulipia, msizitupe: zinafaa kwa rafu, au kufungia mlango wa kuku.