Tegu wa nguruwe: Hasara ya mfugaji Mbozi inayoishia kwenye kifafa

MNUNUZI wa nguruwe anapofika kijijini katika Wilaya ya Mbozi, biashara haianzi na mizani. Mnyama huangushwa chini, mdomo hupanuliwa kwa kijiti, ulimi ukavutwa nje na kupapaswa upande wa chini. Vidole vikikutana na vivimbe vidogo vyeupe, mfano wa punje za mchele uliolowekwa, mazungumzo ya bei hubadilika hapo hapo. Wapo wanunuzi wanaoshusha bei hadi karibu nusu. Wengine huondoka bila kutaja bei.

Mfugaji aliyemlisha mnyama huyo pumba mwaka mzima, akitegemea kupata ada ya shule au mbolea ya mahindi, hubaki na njia mbili, na zote ni mbaya. Amchinje nyumbani na kuwauzia majirani kwa mafungu, au amsubiri mnunuzi mwingine asiyeuliza maswali mengi. Kwa vyovyote vile, nyama ile huliwa.

Na soko la kuila lipo. Tunduma ni mji wa mpakani usiolala. Malori yanayoelekea Zambia na Kongo hupita hapo, na madereva, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha na wachuuzi wote wanahitaji chakula cha jioni. Kitimoto, iwe ya kuchoma au rosti, haikosi mlaji.

Vivimbe vile ni vifuko vya mdudu aitwaye tegu wa nguruwe. Wafugaji wengi wanavifahamu kama dosari ya nyama. Wasichokifahamu wengi ni kwamba mdudu huyo huyo akiingia kichwani mwa binadamu huleta kifafa, na kwamba Mbozi ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambako jambo hili limepimwa kwa kina.

Ulimi hausemi yote

Mwaka 2013, wakati Mbozi bado iko Mkoa wa Mbeya (Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016), watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nguruwe wa wafugaji wadogo katika wilaya za Mbozi na Mbeya Vijijini. Kwa njia ya kupapasa ulimi, asilimia 11.7 ya nguruwe wa Mbozi walikutwa na vifuko. Walipopimwa damu, kiwango kiliruka hadi asilimia 32. Mbeya Vijijini hali ilikuwa hivyo hivyo: asilimia sita kwa ulimi, asilimia 30.7 kwa damu.

Kipimo cha damu nacho kina kasoro yake, kwani kinaweza kumchanganya tegu huyu na tegu wa aina nyingine wanaopatikana kwa nguruwe. Hata hivyo, tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Mnunuzi anayejivunia vidole vyake hunasa nguruwe waliojaa vifuko. Wenye vifuko vichache hupita, hupakiwa kwenye pikipiki na kufika buchani wakiwa na sifa ya "wasafi".

Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti mwingine, safari hii wa watu. Wakazi 830 wa vijiji 13 vya Mbozi walichunguzwa. Kipimo cha choo kilionyesha kuwa asilimia 5.2 walikuwa na tegu tumboni. Kwa kipimo cha damu, asilimia 16.7 walionekana kuwa na vifuko hai ndani ya miili yao, na asilimia 45.3 walikuwa na alama za kinga zinazoashiria kwamba waliwahi kukutana na mayai ya mdudu huyo. Hao ni karibu nusu ya watu waliopimwa.

Nguruwe haanzishi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu akila nyama yenye vifuko isiyoiva vizuri hapati kifafa moja kwa moja. Anapata tegu tumboni, mnyoo bapa mwenye urefu wa mita kadhaa, ambaye anaweza kukaa miaka bila kumsumbua sana mwenyeji wake. Kazi ya tegu huyo ni kutoa mayai, maelfu kwa maelfu, yanayotoka na choo kikubwa.

Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho hupata vifuko katika nyama, ulimi, moyo na ubongo. Kwa maneno mengine, nguruwe mwenye punje ameambukizwa na binadamu, na mara nyingi binadamu huyo haishi mbali na banda.

Binadamu naye akimeza mayai hayo, mwili wake hufanya kama wa nguruwe: vifuko hujijenga ndani ya nyama na ubongo. Mayai hayakai kwenye nyama ya nguruwe. Yako kwenye mikono isiyonawiwa baada ya kutoka chooni, kwenye maji ya kisima kisichofunikwa na kwenye mboga zilizomwagiliwa maji machafu. Mteja wa Tunduma anaweza kula kitimoto iliyoiva hadi kukauka, akaupata ugonjwa kutoka kwenye kachumbari iliyo pembeni ya sahani. Kwa sababu hiyo, hata familia ambayo kwa imani ya dini yake haigusi nguruwe haiko salama ikiwa jirani ana tegu na hana choo.

Vifuko vya kichwani vinaweza kukaa kimya kwa miaka. Siku vinapoanza kufa, ubongo huvimba na mtu huanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa katika maeneo ambako tegu huyu ameota mizizi, karibu asilimia 30 ya kifafa husababishwa naye, na kwamba pale watu na nguruwe wanaozurura wanapoishi pamoja kiwango kinaweza kufika asilimia 70.

Kijijini kifafa hupewa majina mengine. Husemwa ni kurogwa, ni mikosi ya ukoo. Wapo wanaoogopa kumgusa mgonjwa aliyeanguka kwa kuhofia povu la mdomoni, na hivyo mtu huungua motoni huku wenzake wakitazama. Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kugusana. Anayepoteza zaidi ni kijana wa kazi. Akishaanguka mara mbili tatu hapewi tena pikipiki kuendesha, hapandi juu ya lori kupakia mizigo, na shambani huachwa nyumbani na watoto.

Bili ya Taifa

Kundi jingine la watafiti lilijaribu kuipigia hesabu hasara hii kwa nchi nzima kwa mwaka 2012. Makadirio yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalikuwa watu 17,853 wenye kifafa kilichotokana na tegu na vifo 212. Watafiti wenyewe walionya kuwa idadi halisi ya wagonjwa ingeweza kuwa ndogo hadi 5,666 au kubwa hadi 36,227. Gharama kwa mwaka ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 7.9, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilizidi Sh bilioni 12. Karibu dola milioni tano zilikwenda upande wa kifafa, na karibu milioni tatu zilikuwa hasara ya wafugaji wa nguruwe.

Ikilinganishwa na homa ya nguruwe ya Afrika, iliyozuka Kyela mwaka 2010 na kusambaa, hasara ya tegu haina kishindo. Homa huua zizi zima ndani ya siku chache, na Serikali hupiga marufuku usafirishaji. Nguruwe mwenye tegu hunenepa, hutembea, huuzwa. Ni vigumu kumshawishi mtu atumie fedha kwa ugonjwa ambao mnyama wake hauonyeshi.

Dawa zipo

Upande wa binadamu, tegu wa tumboni hutibiwa kwa dozi moja ya niklosamaidi au prazikwanteli. Prazikwanteli ndiyo dawa wanayopewa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho, na watafiti waliitumia fursa hiyo Mbozi na Mbeya Vijijini kuangalia kama ingepunguza tegu pia. Maambukizi ya tegu yalishuka, hasa Mbozi, lakini hayakuisha. Mtoto hutibiwa shuleni, anarudi nyumbani kwa baba na mama ambao hawakupewa dawa.

Vifuko vya kichwani ni suala jingine kabisa na si la kutibiwa kwa dawa za kununua dukani. Dawa ya minyoo ikiua vifuko vingi kwa mkupuo inaweza kuamsha degedege kali. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataka tiba hiyo iendane na dawa za kupunguza uvimbe, chini ya daktari, na baada ya picha ya ubongo. Picha hizo ndiyo tatizo kwa mkazi wa kijijini, kwa umbali na kwa gharama. Kati ya mwaka 2018 na 2020 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Ujerumani walijaribu kipimo cha haraka cha damu katika hospitali tatu za Nyanda za Juu Kusini, ikiwamo ya Vwawa, wakitafuta njia ya kuwachuja wanaohitaji picha. Wakati huohuo dawa za kuzuia kuanguka, kama fenobabito, ni za bei nafuu na mgonjwa hahitaji kusubiri picha ili aanze kuzitumia kwa ushauri wa zahanati au hospitali.

Kwa nguruwe, dawa iliyothibitika ni oksifendazo, dozi moja ya mdomoni ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito. Nguruwe wa kilo 50 anahitaji miligramu 1,500; kama dawa ni ya asilimia 10, hizo ni mililita 15. Mfugaji awe mwangalifu dukani. Si kila dawa ya minyoo inafanya kazi hii. Utafiti uliofanywa nchini na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa ivamektini, sindano inayopendwa na wafugaji wengi, haikuviua vifuko, wakati oksifendazo iliviua vilivyo kwenye nyama. Ipo pia chanjo, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, na kutengenezwa kiwandani India.

Lakini dawa bila banda ni kumwaga maji kwenye pakacha. Mbozi wafugaji wengi huwafungia nguruwe msimu wa mazao ili wasile mahindi ya watu, kisha huwafungulia baada ya mavuno. Miezi hiyo ya kuzurura ndiyo nguruwe hukutana na kinyesi vichakani na kwenye vyoo visivyo na mlango.

Linabaki swali la nani alipe. Dawa, mbao za banda na pumba za mwaka mzima ni gharama za mfugaji. Mnunuzi humwadhibu kwa nguruwe mwenye punje, ila kwa nguruwe aliyefugwa bandani na kupewa dawa hamwongezei hata shilingi. Wenye mabucha na vibanda vya kitimoto Tunduma wangeweza kuibadilisha hesabu hiyo kwa kutoa bei ya juu kidogo kwa nguruwe waliotoka kwa wafugaji wanaojulikana na kupitia machinjio yenye mkaguzi wa nyama.

Mfugaji anayetaka kuanza sasa azingatie kalenda. Baada ya dawa, vifuko vilivyokufa huchukua wiki nane hadi 12 kufifia ndani ya nyama, na siku za kusubiri kabla ya kuchinja zilizoandikwa kwenye chupa nazo ni lazima ziheshimiwe. Kwa nguruwe wa kuuzwa Krismasi, dawa hiyo inatakiwa itolewe mwezi Septemba.